Omba Radhi kwa Mikono Miwili

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Naianza barua kwa kuitikia kwa sababu najua ungeniamkia, na kama hukuwa na nia hiyo, basi nimeshakulazimisha. Habari za huko? Goti lako linaendeleaje, lile linalotabiri mvua vizuri kuliko redio? Shemeji bado anakoroma, au mmepata dawa? Sisi huku hatujambo. Mimi ni mzima, meno yaliyobaki yanaelewana, na binti yako pia ni mzima. Hilo nalisema mapema ili yanayofuata uyasome ukiwa umetulia.

Nakuandikia nikiwa mshindi. Ule ubishi kwamba kila chenye uhai, hata jani la mchicha, kinastahili kufikiriwa kabla ya kuguswa, ubishi ambao wasomi wanauvulia miwani na kuuvalia tena mpaka leo, mimi mwenye bucha mstaafu, niliyeacha shule na mwalimu akashukuru, nimeumaliza hapa kwangu jikoni kabla chai haijapoa. Binti yako alinyanyua mikono juu.

Basi, si kweli. Ningependa sana iwe kweli. Aliyenyanyua mikono ni mimi, na hata hapa ninapoandikia nimekalia kreti ya soda, kwa sababu kiti changu kimechukuliwa. Kimechukuliwa na nani, utaona huko mbele.

Najua fundi cherehani, jirani yangu, ameshafika kwako. Alipoondoka huku alikuwa amebeba vitambaa vichache na maneno mengi. Kwa ujumbe ulionitumia, amekwambia kwamba binti yako anazungumza na majani kazini, kwamba nusura afukuzwe, na kwamba aliyemfundisha ni mimi. Ukaongeza mwenyewe kuwa akipoteza na kazi hii utamfuata umrudishe nyumbani, akae pembeni yako mpaka akili imkae sawa. Mdogo wangu, fundi cherehani amesema kweli yote. Alichokosea ni mshono. Nipe nafasi nikueleze ilivyokuwa, halafu uamue kama huyu ni mtoto wa kufuatwa.

Unamjua mwanao. Kule kwenye mabanda ya kuku aliacha kazi siku alipoambiwa awatenge vifaranga wa kiume, akauliza wanapelekwa wapi. Kwenye duka la nafaka aliondolewa kwa sababu alikuwa anategua mitego ya panya kila mwenye duka akigeuka. Ndiyo maana alipohamia kwangu nilimpa jina la Wakili. Wakili wa wasio na mdomo. Na hebu fikiria: mtoto asiyegusa nyama kuja kuishi kwa mjomba ambaye mtaa mzima unamwita Mifupa, kwa sababu ya kile kilichokuwa kikizidi kwenye kilo zao. Siku ya kwanza aliniuliza kwa adabu kama kuna sufuria humu ndani ambayo haijawahi kupika nyama. Nikamwambia ipo, dukani.

Tulielewana hata hivyo. Yeye alikula maharage yake, mimi nikatafuna mfupa wangu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilipomuuliza ng'ombe amemkosea nini mpaka hataki hata mchuzi wake, alinijibu kuwa ng'ombe alitaka kuishi, basi, na hilo kwake linatosha. Hakunihubiria. Hicho ndicho kilichoniudhi, maana mtu asiyekuhubiria huna pa kumshikia.

Kazi ya kitalu cha miche nilimtafutia mimi. Msimamizi wa pale, mama mmoja wa makamo wanayemwita Jeshi kwa sababu ya sauti yake na viatu vyake, ni mteja wangu wa zamani na ana kila haki ya kunilalamikia. Nilimwambia huyu ni mtoto wa dada yangu, ana huruma za kuvuka mipaka, lakini mche si kuku, hauna macho wala haulii, kwa hiyo hapa ndipo amefika. Jeshi akamchukua kwa majaribio.

Kazi yenyewe ni hivi. Wanaotesha nyanya kwenye trei zenye vishimo vidogo, na kila kishimo wanatia mbegu zaidi ya moja, maana mbegu haiaminiki. Zikiota zote, lazima ubaki mche mmoja. Mingine inang'olewa ikiwa bado na majani mawili tu. Michache inazibia vishimo vilivyobaki vitupu, iliyosalia inatupwa kwenye rundo la mboji. Wao wanaita kupunguza. Binti yako aliifanya kazi hiyo vizuri kabisa. Alikuwa akirudi jioni na vidole vya kijani, anaimba. Nami, kwa tabia yangu unayoijua tangu tukiwa wadogo, nikaona amani imezidi humu ndani.

Nyuma ya jiko langu kuna mmea wa maboga uliojiotea wenyewe. Unavyo vile vikono vyembamba kama nyuzi, ambavyo unavinyoosha hewani ukitafuta pa kushika. Nilikuwa nimejigundulia mchezo wa kizee. Unachukua kijiti, unakigusisha kwenye kikono, unakaa. Baada ya muda kidogo kikono kinaanza kujikunja kukishika. Hapo unakiondoa kijiti. Kikono kinabaki kimejikunja hewani, kama mtu aliyenyoosha mkono wa salamu akaachwa nao, halafu taratibu kinajinyoosha na kuanza kutafuta upya. Mzee asiye na kazi anaweza kumaliza asubuhi nzima.

Siku moja ya mapumziko yake nilimwita Wakili nikamwonyesha. Nikamwambia, wewe unamtetea ng'ombe kwa sababu alitaka kuishi, sasa huyu naye anataka nini hapa? Nikamuuliza kama anajua kuwa maharage yake ni mayai ya mharage, na kwamba ule mchicha wa jana ulikuwa na mipango yake ya mbele. Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Aligeuza ndoo, akaikalia, akakitazama kile kikono mpaka kikajinyoosha chote. Kisha akachukua kijiti changu mkononi mwangu, akakichomeka palepale kilipokuwa kinatafutwa, na kuniomba kwa heshima nisikiguse tena.

Jioni ile alikula kama mtu aliyekwenda msibani.

Kesho yake kazini, mkono ukagoma. Alikuja kunieleza baadaye kuwa aliubana mche kwa vidole, akaona jinsi ulivyoegemea mwanga, akauachia. Hakumwambia mtu. Akawa anapunguza trei za mbele tu, zile ambazo Jeshi anaziona akipita, na za nyuma anaziacha zote zimesongamana. Basi hapo ndipo huruma ilipofanya kazi ya shoka. Miche ikijazana kishimo kimoja haipati hewa wala chakula. Ilirefuka kama nyuzi ikigombea mwanga, ikawa ya njano, shingo zikaanza kuoza pale zinapoingia kwenye udongo, na uozo ukawa unahama kutoka kishimo kwenda kishimo. Jeshi alipofika mwisho wa meza, alikuta miche yote ya nyuma imelala chini. Hakung'oa hata mmoja, na yote imekufa.

Jeshi alikuja mpaka kwangu, na viatu vyake. Hakukubali kukaa. Alisema hana ugomvi na mtu mwenye huruma, ila kuna mkulima ameshalima shamba anasubiri miche, naye huyo ana watoto wanaokula. Akasema zimebaki meza mbili ambazo hazijapunguzwa, na zikifika Jumamosi zikiwa hivyohivyo, binti afungashe vitu vyake. Aliponigeukia mimi alisema kuwa mifupa aliivumilia miaka yote, lakini hili hataliweza.

Binti yako alikuwa mlangoni anasikia. Hakulia, na wewe unajua hilo ni baya kuliko kulia, maana yeye hulia hata kwa panya. Tulipobaki wawili aliniambia kuwa safari hii akirudishwa nyumbani hatatoka tena. Si kwamba utamzuia wewe. Alisema hata yeye mwenyewe atakuwa ameamini kuwa hakuna kazi duniani inayomfaa.

Nikawa mtu wa kuzima moto nilioupuliza mwenyewe. Nilimwambia mmea hauna ubongo, hauna moyo, na kwamba mambo ya kikono ni kama kamba inavyojisokota ikilowa. Akasema huenda. Nikamwambia ule mchezo wote nilikuwa namdanganya, nilikuwa napuliza kwa mdomo. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, akanionyesha kikono kimekizunguka kijiti chake, kimekaza kama springi ya godoro. Sikuwa karibu nacho siku nzima, na yeye alijua. Nikaja juu. Nikamuuliza, kwa hiyo mchicha na ng'ombe na mjomba wako tuko sawa? Hapo ndipo alipotoa maneno yaliyonimaliza.

"Sijasema mko sawa, Mjomba. Sijui kama mche unaumia. Na wewe hujui. Ila kila kimoja kinavutia upande wa kuishi, na mtu asiyejua anachokigusa hakigusi ovyo."

Nilitafuta mzaha, mdogo wangu. Nilijipapasa mifuko yote ya kichwa, sikuukuta. Nikamwambia tu kwamba miche yote ya nyuma imekufa kwa kutoguswa. Akanijibu kuwa hilo analijua, na ndilo linalomnyima usingizi. Kung'oa hawezi, kuacha ameona matokeo yake. Kama yupo msomi mwenye njia ya tatu, aletwe.

Ijumaa nilivaa viatu vyangu vya kutokea nikaenda naye kitaluni. Nilimwomba Jeshi aniruhusu nimshike mkono mpwa wangu, nikajigamba kuwa mtu aliyeangusha mafahali hatashindwa na nyanya ya majani mawili. Jeshi akanisukumia kigoda. Mle ndani kuna joto la unyevunyevu, juu wametandaza wavu mweusi, mabomba yanadondosha maji polepole, na harufu ya udongo mbichi inakupanda mpaka kichwani. Wakili alisimama kando yangu, mikono ameifungia nyuma kama mshitakiwa.

Nikabana mche wa kwanza, nikavuta. Unatoka kwa urahisi wa kukutia aibu. Mzizi wake ni mweupe, mwembamba kama uzi wa sindano, na vidole vinabaki vinanukia nyanya ambayo haitakuwepo. Nikang'oa wa pili na wengine. Nilikuwa nimemaliza safu nzima Wakili aliponiuliza kwa nini nafunika. Nikamuuliza nafunika nini. Akanionyesha kwa kidevu. Nikautazama mkono wangu wa kushoto, na kweli, kila nilipong'oa kwa wa kulia, wa kushoto ulikuwa umekaa juu ya mche kama kofia. Wala sikuwa na habari.

Mdogo wangu, sasa nakwambia jambo ambalo hata marehemu wifi yako hakulijua. Miaka yote ya kuchinja, kabla ya kisu, nilikuwa naweka kiganja juu ya jicho la mnyama na kumwambia chini kwa chini, samahani, mzee wangu. Hata ndama nilimwita mzee. Wenzangu machinjioni walidhani nampoza asirushe mateke. Wifi yako aliwahi kuona midomo yangu inacheza, nikamwambia nakisia kilo. Sikumwambia mtu kwa sababu ya biashara: mchinjaji anayeomba msamaha, nani atanunua kwake bila kuomba apunguziwe? Na pia niliona haya. Unaomba radhi, halafu unaendelea kufanya kilekile. Ni radhi gani hiyo? Nilichokuwa najua ni kwamba siku nilipokuwa na haraka nikaruka kiganja, mnyama alihangaika zaidi, nyama niliikata ovyo, na chakula hakikunipanda.

Haya yote nilimweleza palepale, mche ukiwa mkononi. Sikuwa nimepanga. Nilidhani atanicheka, maana ningekuwa yeye ningecheka mpaka mwaka uishe. Badala yake akauliza nilikuwa naisema vipi hiyo samahani, kwa sauti au kwa moyo. Nikamwambia kwa midomo. Akaniomba nimpishe kigoda.

Akaanza. Kila kishimo anakitazama kwanza, anachagua, anaweka kiganja, ananong'ona, anang'oa. Alichong'oa hakutupa chini, alikilaza kwenye beseni lenye maji kidogo. Ule ndio mnong'ono aliousikia fundi cherehani, aliyekuwa amekuja kununua miche ya pilipili na akaondoka na habari. Alikuwa anakwenda taratibu mno, nami niliona kabisa kuwa kwa mwendo ule Jumamosi itamkuta katikati ya meza ya kwanza. Halafu nikasikia viatu nyuma yetu. Jeshi alisimama pale safu nzima, anasikiliza. Nikajiandaa kubeba mizigo ya mtu. Akainama mpaka sikioni kwa Wakili, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo:

"Omba radhi, mwanangu, sikukatazi. Ila iombe kwa mikono miwili. Kesho ndiyo Jumamosi."

Basi akaiomba kwa mikono miwili. Mkono huu unafunika hapa, ule unang'oa pale, midomo haipumziki. Jumamosi Jeshi alipopita, meza zote mbili zilikuwa zinapumua, kila kishimo na mche wake mmoja umesimama. Alipita mwanzo mpaka mwisho, akainua trei za nyuma kwanza, hakusema kitu, na kwa Jeshi kutosema kitu ni sherehe. Sasa binti yako ameondolewa kwenye majaribio, ni mfanyakazi kama wengine. Wenzake wawili wa meza ya jirani nao wameanza kunong'ona. Mmoja anafanya utani. Wa pili sina hakika.

Tatizo limebaki la ile iliyong'olewa. Alimwomba Jeshi asiitupe kwenye mboji, akaruhusiwa aichukue, na tangu hapo kila jioni anarudi na mkoba umelowa. Tusidanganyane, mingi inakufa, kwa sababu mizizi imeshakatika. Michache inashika. Inayoshika inataka pa kukaa. Uani kwangu kuna makopo ya rangi yaliyotobolewa chini ili maji yapite, ndoo iliyovunjika mkono, birika la marehemu wifi yako lile lisilo na mdomo, na juu ya kiti changu, kiti nilichokalia tangu nimestaafu, kuna trei ya mayai imejaa watu wa majani mawili. Yeye kutwa yuko kazini. Sasa nani anaimwagilia? Usicheke. Jua la mchana likizidi, nani anaihamishia kivulini? Nimekwambia usicheke.

Usidhani lakini kuwa nimebadilika. Mfupa wangu bado nautafuna, ila kwa sauti ya wastani. Na lile boga la nyuma ya jiko limeiva, kikonyo kimekauka, linangoja. Nilikinoa kisu changu cha bucha, nikaenda nacho, nikarudi nacho. Tutalikata Jumapili na tutalila lote, mimi na Wakili, amekubali. La kuliambia nimeshalijua. Kinachonisumbua ni kiganja nikiweke wapi, maana boga halina jicho.

Kwa hiyo nakuomba usimfuate. Akili imemkaa, ila imekaa mahali ambapo sisi hatukuzoea kuiona. Goti likikuruhusu, njoo umtazame mwenyewe akiwa kazini, utakaa kwenye kreti yangu. Habari ya kiganja niliyokueleza ibaki kwako na shemeji, na shemeji umweleze akiwa anakoroma. Fundi cherehani asiipate kabisa. Nisalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia wasalimie mara mbili wajisikie vibaya. Mpwa wangu anakuamkia, shikamoo yake hii hapa, anasema ataandika mwenyewe vidole vikitakata.

Jambo moja la mwisho. Unakumbuka lile karai langu kubwa la bati, ulilolichukua umwogeshee huyuhuyu Wakili alipozaliwa, ukasema utalirudisha akianza kutembea? Mdogo wangu, ametembea. Mpe yeyote anayekuja upande huu anibebee. Na kama limetoboka chini, usihangaike kuliziba. Hivyo ndivyo tunavyolitaka.

Ni mimi kaka yako,
Mifupa